Mashine Mbili na Pipa Moja

Dizeli iliyotegemewa kufika mwisho wa mwezi iliisha tarehe kumi na moja, na kabla jua halijafika utosini kila mtu kijijini alikuwa ameshamjua mwizi. Mwizi alikuwa Kornelio Machage, mwendesha mashine ya kusaga ya kijiji. Ushahidi wa nini? Ufunguo wa kibanda ulining'inia shingoni mwake kwa uzi wa katani, usiku na mchana, na hakuna mwingine aliyekuwa nao.

Mkewe, Philomena, alikuwa wa tatu kwenye foleni na debe lake la muhogo mkavu wakati Mwenyekiti wa Kijiji, Nikolaus Nyangwine, alipoitwa kuja kujionea. Mwenyekiti aliingiza ufito ndani ya pipa, akaukoroga, akautoa. Ulilowa kiasi cha kidole kimoja tu, tena ya tope la kutu.

"Lita mia mbili," alisema akiuinua ufito watu wauone. "Siku kumi na moja. Kornelio, mura, ulikuwa unakunywa?"

Watu wakacheka. Kornelio hakucheka.

"Imesaga unga wenu, Mwenyekiti."

"Unga wetu! Kwani tumeanza kula jana? Mwezi wa tano ilifika tarehe ishirini. Mwezi wa sita, tarehe kumi na saba. Sasa kumi na moja. Kwa mwendo huu mwezi ujao itaisha kabla haijaletwa."

Wakacheka tena, ila safari hii kicheko kilikuwa na meno. Mwenyekiti alimwita mgambo aliyesimama mlangoni, akamwambia amnuse Kornelio mikono. Yule mgambo alidhani ni utani. Alipoona si utani, aliinama, akainusa mikono ya mtu mzima aliyemzidi umri kama anayenusa maziwa yaliyolala.

"Inanuka dizeli, Mwenyekiti."

"Mimi ndiye mwendesha mashine," Kornelio alisema taratibu. "Mlitaka inuke nini?"

Kabla hajajibiwa, upande wa pili wa kijito ilisikika sauti ambayo kila aliyekuwa pale aliifahamu. Injini ilikohoa mara mbili, ikashika, kisha ikaanza kuimba. Ilikuwa mashine ya mama Abonyo, mjane wa Kijaluo ambaye marehemu mumewe alimwachia injini moja, jiwe moja la kusagia, na kibanda cha udongo chenye bati juu. Wengine walimwita Nyar Awendo, yaani binti wa Awendo, kwa kuwa alizaliwa huko ng'ambo, Kenya. Mpaka ulikuwa umefungwa mwaka wa nne sasa, na tangu vita vya Uganda dizeli ilipatikana kwa kibali tu, tena Tarime mjini, tena baada ya kurudishwa mara tatu. Mama Abonyo hakuwahi kuonekana na kibali. Hata hivyo mashine yake haikuwahi kukosa kulia, Jumatano na Jumamosi, kama kengele ya kanisa.

Foleni nzima ikageuka kumtazama Kornelio.

"Mashine ya wananchi mia nne imekauka," alisema Mwenyekiti. "Ya mjane mmoja inalia. Hebu nielezeni, mimi darasa la nne." Akamwendea Kornelio, akanyoosha mkono, akaukata ule uzi wa katani kwa kisu chake cha mfukoni. "Ijumaa mkutano. Katibu Tarafa atakuwepo. Utaeleza mbele yake."

Philomena alijitwika debe lake la muhogo, akashika njia ya nyumbani. Hakuna aliyemsaidia kujitwika, ingawa wanawake sita walikuwa karibu naye.

*

Nyumbani, Philomena hakuuliza kitu mpaka mumewe alipomaliza kunawa. Alinawa kwa muda mrefu kuliko kawaida, akijisugua viganja kwa majivu.

"Baba Simioni."

"Naam."

"Umeiuza?"

Kornelio alimwangalia kama aliyepigwa kofi na mtoto. "Na wewe?"

"Nakuuliza mimi ili wakiniuliza wao nijue la kusema."

"Sijaiuza."

Alisema hivyo akitazama ukuta, na hapo ndipo moyo wa Philomena ulipoanza kumsumbua. Alimjua mumewe miaka kumi na miwili. Akisema kweli alikutazama usoni, hata kama ukweli wenyewe ulikuwa mchungu. Ukuta aliutazama alipokuwa na kitu cha kuficha.

Kisha kulikuwa na unga. Kornelio hakuwa amelipwa posho yake ya uendeshaji miezi mitatu, kwa maelezo kwamba mfuko wa mashine ni mtupu. Lakini unga ndani ya nyumba haukuisha. Kila alipoulizwa alisema ni unga wa mafagio, ule unaomwagika sakafuni na kufagiliwa jioni, ambao kwa desturi ni haki ya mwendesha mashine. Philomena aliamini kwa sababu alitaka kuamini. Siku ile alikwenda kwenye mtungi, akachota kiganja kimoja, akautandaza juu ya ungo penye mwanga. Unga wa mafagio huwa na mchanga, na kila nafaka imo: mahindi, mtama, muhogo, hata vumbi la mkanda. Huu ulikuwa ulezi na muhogo, umechanganywa vizuri, laini, mweusi sawasawa. Huu ulikuwa umepimwa na mtu.

Alipika ugali kwa unga uleule, wakala wote.

Siku ya Jumatatu Kornelio alitoka mchana na spana mbili zilizofungwa kwenye kitambaa. Alisema anakwenda kwa mjomba wake kuangalia jembe la ng'ombe. Jumanne mjomba huyo alipita barabarani, Philomena akamwamkia shikamoo, akamwuliza habari za jembe. Mzee alishangaa. Hakuwa na jembe bovu, na Kornelio hakuwa ameonekana kwake tangu Pasaka.

*

Jumatano asubuhi, Philomena alijaza debe ulezi, akavuka kijito.

Alitarajia kukuta foleni. Hakukuwa na foleni. Kulikuwa na magunia na mifuko imepangwa ukutani, kumi na saba kwa hesabu yake, kila mmoja umefungwa kamba yenye mafundo ya namna yake. Wenyewe hawakuwepo. Mama Abonyo, mwanamke mnene wa miaka kama hamsini na tano, alikuwa amekaa juu ya kigoda mlangoni, anachambua mawe kwenye mtama wa mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, nyathina." Mwanangu, alimwita, lakini macho yake hayakuwa ya mama. Yalishuka kutoka usoni mwa Philomena hadi kwenye debe, yakarudi. "Wewe ni mke wa Machage. Kijiji kimekufukuza au kimekutuma?"

"Nimeleta ulezi."

"Uache. Uje kuchukua jioni. Kwa kila debe nachukua makopo mawili ya unga. Pesa sitaki."

"Nitangoja."

"Hapa hakuna anayengoja."

"Mimi nitangoja," Philomena alisema, akaketi chini palepale kwenye vumbi la unga.

Wakatazamana. Halafu kutoka nyuma ya injini ikatoka miguu miwili, kisha kiuno, kisha Kornelio mwenyewe, spana mkononi, uso umepakaa weusi. Alipomwona mkewe alibaki amepiga goti, kama mtu aliyekutwa anasali kanisani kwa watu wengine.

"Kumbe mjomba wako siku hizi ni Mjaluo," alisema Philomena.

"Mama Simioni, ngoja nikueleze."

"Usinieleze. Kila ukinieleza unautazama ukuta." Akamgeukia Abonyo. Hakushusha sauti. "Mama, mume wangu anaweza kufungwa. Dizeli yako inatoka wapi?"

Mama Abonyo aliweka ungo chini. Alicheka kidogo, bila furaha.

"Nyathina, miaka mitatu wanaume wa kijiji chako wanataka kuniuliza hilo, wanaona haya. Wewe unaniuliza umekaa juu ya unga wangu." Alifikiri. "Kaa basi. Utazame. Ukimaliza kutazama, uniulize tena."

Philomena akakaa, akatazama kama anayetazama mikono ya mcheza karata. Hakumwamini yule mwanamke hata kidogo. Alimwomba ufito, naye akampa. Aliuingiza mwenyewe kwenye tangi la injini, akaweka alama kwa ukucha.

Kornelio aliwasha injini mara moja tu. Walisaga mahindi yote kwanza, magunia ya watu saba, bila kusimama. Kisha mtama. Kisha ulezi na muhogo mwishoni, kwa kuwa hizo zilitaka jiwe lililokwisha kupata joto. Gunia moja likiisha, jingine lilikuwa tayari mdomoni mwa mashine. Injini haikupata nafasi hata ya kupumua bure. Kila debe lilipojaa unga, Abonyo alichota makopo yake mawili, akayamimina kwenye pipa la mbao, akafunga gunia la mwenyewe kwa kamba ileile. Baada ya muda ambao mtu angetumia kwenda kijiji jirani cha Genkuru na kurudi nusu ya njia, kazi ilikuwa imekwisha, injini ikazimwa. Philomena akauingiza ufito tena. Dizeli ilikuwa imeshuka upana wa vidole viwili na nusu.

"Hiyo tu?" aliuliza.

"Hiyo tu," alijibu Kornelio. "Mashine ya kijiji, unajua naiwasha mara ngapi kwa siku? Mara ishirini. Mama huyu ana debe moja, washa. Zima. Mwingine anakuja na nusu debe, ana mgonjwa, washa. Halmashauri imesema mwananchi asingojeshwe. Injini ikiamka ina kiu, Philomena. Inakunywa kabla haijafanya kazi."

"Na haya makopo mawili? Kwetu ni shilingi mbili. Haya yanazidi shilingi mbili mara tatu."

"Nani ana shilingi mbili?" aliuliza Abonyo. "Wewe unazo? Watu hawana pesa, wana unga. Mimi nachukua walicho nacho. Wanaacha gunia, wanakwenda shamba kulima, jioni wanabeba. Huo unga naupeleka Nyangoto, kwenye mashimo ya dhahabu. Kule wanaume wana pesa, hawana wake wa kuwasagia. Hawaulizi bei, wanauliza umebaki?" Alimtazama Philomena kwa makini, kama anayepima kamba kabla ya kuteremka kisimani. "Na pesa hiyo shemeji yangu Okech anakwenda nayo anakojua, na punda wawili. Mara moja kwa mwezi. Sasa umejua. Kuuza unga bila kibali, mwaka mmoja. Punda, miaka mitatu. Unaweza kunifunga kwa maneno machache kuliko salamu uliyonipa."

"Na mume wangu?"

"Nozeli inayopuliza dizeli ikiziba, fundi wa karibu yuko Tarime. Mumeo ananisafishia. Nampa unga. Hiyo ndiyo dizeli mnayoitafuta."

Njia nzima ya kurudi Philomena alitangulia, Kornelio nyuma. Walipofika kijitoni alisimama bila kugeuka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mwendesha mashine ya kijiji anatengeneza mashine ya mlanguzi. Wangekuuliza, ungejibu kweli. Wewe hujui kudanganya."

"Kwa hiyo ukaamua ujifunze wewe," alisema, akavuka.

*

Alhamisi alikuja Esta, mke wa Mwenyekiti. Alileta ndizi mkungu mmoja, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu wahamie vijijini. Aliketi kwenye kiti, akakunja kanga yake magotini, akasifu nyumba ambayo haikuwa na cha kusifiwa.

"Mama Simioni, mimi ni mwanamke kama wewe. Sipendi kuona mtu anavunjiwa nyumba." Alishusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Baba Marwa anasema mumeo si mtu mbaya. Alishawishiwa tu. Kesho aseme hivyo: yule Mjaluo ndiye aliyemshawishi. Mambo yanaisha."

"Yanaisha vipi?"

"Ataonywa, atarudishiwa ufunguo. Yule mama atajuana na serikali. Mashine yake itachukuliwa na kijiji. Tutakuwa na mbili! Fikiria."

Philomena alifikiri. Alikuwa na watoto wanne. Neno moja, tena nusu yake ilikuwa kweli. Punda walikuwepo. Dizeli ya ng'ambo ilikuwepo. Wala Abonyo hakuwa ndugu yake. Alikuwa mwanamke aliyemtazama kama mwizi akiwa mlangoni. Nani angemlaumu?

"Mama Marwa," alimwambia Esta, "tukiwa na mbili, dizeli itatosha?"

"Kwa nini isitoshe? Mwizi atakuwa hayupo."

"Wewe mwezi huu umesaga madebe mangapi?"

"Mimi?" Esta alishangazwa na swali kweli, bila hila. "Sijui. Tulikuwa na wageni wa Sabasaba. Gunia nne, tano. Sisi hatuhesabiwi."

"Hamhesabiwi."

"Nyumba za wajumbe hazihesabiwi. Si unajua?"

Alijua. Kila mtu alijua. Lakini alikuwa hajawahi kulisikia likisemwa kwa sauti, na aliposikia aliona kama mtu amefungua dirisha chumbani. Wajumbe wa Halmashauri walikuwa ishirini na watano. Aliwahesabu akilini nyumba kwa nyumba, na wake zao, na wageni wao, na mama zao wazazi, huku Esta akiendelea kusifu nyumba. Mgeni alipoaga, Philomena alimrudishia mkungu wake wa ndizi.

"Chukua, mama. Watoto wangu wanaumwa matumbo."

Esta alitoka ameubeba mkungu mbele yake kama aliyebeba mtoto wa mtu asiyemjua.

*

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Wanaume walikaa mbele kwenye madawati, wanawake nyuma kwenye nyasi. Katibu Tarafa, mtu mwembamba mwenye suti ya Chou En-Lai iliyopauka mabegani, aliketi mezani karibu na Mwenyekiti, na muda wote hakunywa soda aliyowekewa.

Kornelio aliitwa mbele. Alisema dizeli imesaga unga. Watu wakaguna. Alisema injini ikiwashwa mara nyingi inakula zaidi. Mtu mmoja akapaza sauti: "Inakula au inauzwa?" Uwanja ukacheka.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba nafasi."

Vichwa vikageuka. Philomena alikuwa amesimama. Nyangwine alikunja uso.

"Mama Simioni, mumeo ana mdomo wake."

"Anao. Lakini kila akiufungua mnasema unanuka dizeli."

Wanawake wakacheka kwanza, wanaume wakafuata wasipende. Katibu Tarafa akamwashiria aendelee.

Hakuwa ametayarisha hotuba. Alisema: "Naomba wote waliosaga kwenye mashine ya kijiji mwezi huu wainue mikono."

Mikono ikainuka, mbele na nyuma, msitu mzima. Hata wa Esta uliinuka.

"Asanteni. Sasa naomba ishushwe. Waliolipa shilingi mbili mwezi huu, wainue."

Mkono mmoja ukainuka, wa mzee wa kanisa. Mwingine. Watu wakaanza kutazamana. Mwanamke mmoja aliinua nusu, akaushusha, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilisema nitaleta." Philomena aliihesabu mikono ile kwa kidole, bila haraka. Ilikuwa kumi na minne.

"Mimi mwenyewe sikuinua," alisema. "Ni mke wa mwendesha mashine. Nimesaga bure tangu mashine ije, na sikuwahi kuona ni kosa. Kama kuna mwizi wa dizeli hapa, nianze mimi. Wa pili awe nani?"

Mwenyekiti aliinuka, shingo imejaa.

"Tusipotoshwe! Hayo ya malipo ni ya kamati. Swali ni moja. Yule mjane hana kibali. Dizeli yake inatoka wapi? Mama Simioni, tuna habari kwamba Jumatano ulikuwa kule. Ulikwenda kwa nini?"

"Kumpeleleza mume wangu."

"Ehe! Ukaona nini?"

Hapo ndipo alipowaona wote kwa pamoja: Kornelio anatazama ardhi, Esta ameshika tama, Katibu Tarafa ameweka kalamu juu ya karatasi. Na nyuma kabisa, pembeni ya jengo la shule, mama Abonyo mwenyewe, amejifunika shuka, amekuja kusikiliza anauzwa kwa bei gani.

"Nilikwenda nikidhani nitakuta dizeli ya kijiji," alisema Philomena. "Nilipima kwa ufito kwa mkono wangu. Anawasha mara mbili kwa wiki, sisi mara ishirini kwa siku. Hakuna anayesaga bure kwake, hata ndugu yake. Na dizeli niliyoiona si ya kwetu. Ya kwetu inatoka kwenye pipa la kutu, ni nyekundu kama chai ya rangi, mmeiona wote kwenye ufito wa Mwenyekiti. Ile ya kule ni safi."

"Safi!" Nyangwine aligonga meza. "Basi ni ya wapi?"

"Mwenyekiti, mimi nilikuwa natafuta ya kijiji. Ya kijiji haiko kule. Iko hapa," akauzungushia mkono uwanja mzima, "matumboni mwetu."

Katibu Tarafa aliitazama karatasi yake kwa muda. Aliyaelewa maneno yaliyosemwa, na bila shaka aliyaelewa pia yale yasiyosemwa. Labda hakutaka kesi ya mpakani kwenye tarafa yake mwaka huo. Labda na yeye nyumbani kwake kulikuwa na sabuni isiyo na kibali, nani ajuaye. Aliandika mstari mmoja, akafunga kalamu.

"Tuendelee na ajenda nyingine," alisema.

Uamuzi ulisomwa jioni. Kornelio Machage hakupatikana na hatia. Hata hivyo, kwa ajili ya kudumisha imani ya wananchi, ufunguo ungekabidhiwa kwa Tomaso Nyangwine, mdogo wake Mwenyekiti. Malipo yangetazamwa na kamati. Watu wakapiga makofi, kwa kuwa ilikuwa saa ya kwenda kukamua.

*

Jumamosi ile hapakusikika injini ng'ambo ya kijito. Waliokwenda kuangalia walikuta kibanda kitupu, matundu manne ya bolti sakafuni, na magunia ya Jumatano ambayo wenyewe walikuwa hawajayafuata yamepangwa mlangoni, yamekwisha kusagwa, kila moja na kamba yake. Wengine walisema mama Abonyo alipita Genkuru na mkokoteni wa ng'ombe kabla ya jogoo kuwika. Alikuwa amemsikia Philomena akimnusuru. Lakini alikuwa amemsikia pia Mwenyekiti akiuliza swali mbele ya watu mia tatu, na swali lililoulizwa mbele ya watu mia tatu halirudi mfukoni.

Tomaso aliwasha mashine ya kijiji kwa wiki mbili. Pipa jipya lilipoisha tarehe kumi na tano, kamati ilikaa, ikakubaliana kwamba dizeli ya siku hizi ni nyepesi. Mwezi wa tisa nozeli iliziba kwa kutu na kibanda kikafungwa. Wanawake walirudia mawe ya kusagia waliyokuwa wameyaegemeza kwenye mabanda ya kuku.

Philomena alikuwa amepiga magoti juu ya jiwe lake, anasaga ulezi wa jioni, Kornelio alipokuja kukaa karibu naye kwenye kizingiti. Alitazama jiwe likienda na kurudi.

"Nina swali," alisema hatimaye. "Siku ile ulipokuja kule. Kama ungelikuta pipa la kijiji pale kwa mama Abonyo, ungesema mkutanoni?"

Philomena aliendelea kusaga. Alijua kuna jibu ambalo mke mwema angelitoa.

"Ningesema," alijibu.

Kornelio alitikisa kichwa taratibu, akalitafuna jibu lile. Halikuwa tamu, lakini aliona limeiva.

"Na nilidhani pia una mwanamke," Philomena aliongeza. "Siku ya jembe la mjomba."

"Mwanamke! Yule mama?" Kornelio alicheka mpaka akashika mbavu. Alipoona anacheka peke yake, aliacha.

"Kesho unaenda wapi?" aliuliza Philomena.

"Nyangoto. Wachimbaji wana pampu ya maji imekufa, wametuma mtu kunitafuta." Alisema hivyo akimtazama usoni.

"Watakulipa nini?"

"Sijui bado. Nikirudi nitakwambia."

"Usiniambie." Alikusanya unga kwa kiganja, akapuliza makapi. "Tutakwenda wote. Nitakaa niangalie."

Kornelio alifungua mdomo kukataa. Nyangoto ilikuwa mbali, na palikuwa si mahali pa mke wa mtu. Halafu akaufunga. Akainuka, akaenda kutafuta kitambaa cha kufungia spana, na safari hii akakitandaza uani, mahali ambapo mkewe aliweza kukiona.